Salamu za Watu wa Nduthi: Unachoambiwa Barabarani na Unachofaa Kujibu

Ukipanda boda boda kutoka Kondele kuingia mjini Kisumu, au kutoka steji ya Rongai kwenda ndani ndani mtaani, jaribu kuhesabu ni mara ngapi dereva wako anatikisa kichwa njiani. Abiria wengi hudhani jamaa anajuana na mji mzima. Hapana. Wengi wa hao anaowasalimia hawajui hata kwa jina, na huenda wasikutane tena. Anawasalimia kwa sababu nao wako juu ya magurudumu mawili, basi.

Wateja wetu wengi ni watu wa pikipiki, na wengi zaidi ni abiria wao. Kila siku pesa inatoka kwa simu moja kuingia nyingine kando ya barabara, injini ikinguruma. Kwa hivyo leo tumeweka kando mambo ya menyu na makato ili tuongee kuhusu salamu. Usijali, kwa pesa tutafika. Salamu ya barabarani ina njia yake ya kukufikisha hapo hata kama hukupanga.

Mbona kichwa, si mkono?

Jibu liko kwa usukani. Mkono wa kulia ndio unaozungusha mafuta na kushika breki ya mbele. Ukiuachilia, pikipiki inapoteza mwendo na wewe unapoteza breki yako kubwa. Mkono wa kushoto una klachi, na ndio unaopumzika ukishaweka gia na barabara imenyooka. Sasa, sisi Kenya tunaendesha upande wa kushoto, na anayekuja mbele yako anakupitia kuliani. Yaani mkono ulio huru uko upande ambao yeye hauoni vizuri. Ndiyo maana kichwa kimechukua hiyo kazi: kidevu kinashuka kidogo au kinapanda kidogo, na salamu imefika.

Kwa wenzetu mambo ni tofauti. Marekani wanaendesha kulia, kwa hivyo mkono wa kushoto uko upande wa anayekuja. Ukitazama video zao utawaona wakiushusha kando ya goti, vidole viwili vimenyooshwa. Ufaransa, mwenye pikipiki akipishwa na gari hutoa mguu wa kulia kando kama shukrani, maana mkono wa kulia una kazi. Mara ya kwanza ukiiona utadhani anataka kupiga gari teke. Uingereza, ambao wanakaa kushoto kama sisi, wanatikisa kichwa kama sisi.

Kama unaendesha hizi pikipiki mpya za umeme, kuna jambo la kuangalia. Nyingi hazina klachi, na pale mkono wa kushoto ulipozoea klachi sasa kuna breki ya nyuma. Usibebe ile tabia ya zamani ya kuachilia kushoto kila ukiona rafiki. Tena zinaenda kimya kimya, kwa hivyo honi yako ndogo ya salamu inasaidia hata anayevuka barabara ajue uko hapo.

Tukizungumzia honi: fupi mbili, pi-pi, ni salamu. Moja ndefu ni hatari au ni matusi, na anayeisikia hana namna ya kujua umekusudia gani. Honi ya salamu haipigwi karibu na hospitali wala shule, na saa nne usiku mtaani watu wamelala. Najua kuna wale wamefunga honi ya lori kwa Boxer. Hao tuwaache.

Nani anaanza?

Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini ukikaa stejini wiki mbili utaijua. Anayefika ndiye anayesalimia waliopo. Ukiingia steji, hata kama umetumwa kuchukua mzigo tu, unapunguza mwendo, unainua kidole kimoja kutoka kwa usukani, unasema "Sema wakuu" au "Mko aje hapa". Kisha unaegesha nyuma, si mbele ya foleni. Mzee wa steji ndiye unamsalimia kwanza kama unamjua. Kama humjui, yule aliyekaa akitulia sana kuliko wengine huwa ndiye yeye.

Aliyebeba abiria hana deni la salamu. Akitikisa kichwa, vizuri. Asipotikisa, usimhesabie. Ana maisha ya mtu nyuma yake na pengine mtoto katikati (jambo ambalo sheria hairuhusu, abiria ni mmoja, lakini tunajua barabara zetu). Anayepanda mlima na gunia mbili za viazi pia muachie. Aliye mwepesi ndiye anayesalimia aliye mzito.

Kuna salamu moja ambayo ukiikosea inaleta fujo ya kweli, nayo ni ya kupita kwa steji ya wenyewe. Tuseme umemleta mteja kutoka mbali, umemshusha, na hapo hapo mwingine anakuinulia mkono. Uko katika eneo la watu waliolipa kiingilio, wenye mwenyekiti, na ambao wamekaa juani tangu asubuhi wakingoja zamu. Ukibeba huyo mtu bila kusema neno, umechukua pesa ya aliye mbele kwa foleni. Wengi wetu tumeshuhudia mambo kama hayo yakiishia kwa funguo kunyang'anywa. Lakini ukisimama, ukawasalimia na kuwauliza, "Wakuu, huyu ananiita, nimbebe ama?", mara nyingi utaambiwa ubebe, hasa kama anarudi upande uliotoka. Hiyo salamu ni ombi la ruhusa. Na wakikataa, mwambie mteja aende kwa mwenye zamu.

Abiria, hapa hata wewe una lawama kidogo. Ukijua steji iko mita ishirini, usimsimamishe mpita njia mbele ya macho yao ukapunguziwe shilingi kumi.

Mjini na barabara kuu

Ndani ya Nairobi, pale Moi Avenue saa kumi na moja jioni, hakuna anayesalimia mtu. Nduthi ni nyingi kuliko nafasi, na ukianza kutikisa kichwa kwa kila moja utafika River Road shingo imepinda. Mjini salamu inabaki kwa unaowajua na kwa mliosimama pamoja kwa taa nyekundu.

Lakini toka nje ya mji uone. Kwenye ile lami ndefu ya Isiolo kuelekea Marsabit, unaweza kwenda muda mrefu ukiona ngamia tu na lori moja moja. Ukiona taa moja ikija kwa mbali, unajua ni pikipiki. Hapo hakuna asiyesalimia. Awe ni kijana wa boda na mitungi ya maji, awe ni mtalii aliyetoka Moyale na masanduku ya chuma pande zote mbili, kichwa kinashuka. Kwa sababu kila mmoja anajua: tairi ikipasuka kilomita kumi mbele, huyo aliyepita ndiye mtu wa mwisho aliyekuona.

Kuna jambo linaloniudhi kidogo. Jumapili asubuhi utaona msafara wa pikipiki kubwa kubwa ukishuka Naivasha, watu wamevaa ngozi na helmeti za bei ya pikipiki mzima. Wanasalimiana wao kwa wao vizuri sana. Mtu wa boda akiwatikisia kichwa, wengine wanamwangalia kama ni kibao cha barabarani. Si wote, na wale wanaojibu wanajibu kwa moyo. Nao watu wa boda wana wao wanaosema "hao ni masonko, hawatuoni" na wanaacha kujaribu. Lakini changarawe kwenye kona haiulizi injini yako ni ya ngapi. Mimi nasema aliyeona kwanza asalimie kwanza.

Salamu zinazookoa ngozi

Salamu nyingine si za heshima tu. Kuna ile ya "Stendi!" Umeondoka kwa haraka, stendi ya kando haijakunjwa, na ukilala kona ya kushoto hicho chuma kitagonga lami na kukurusha. Kila mtu Kenya anajua kuipigia kelele, hata mama muuza mboga. Aliye juu ya pikipiki na hawezi kusikika anatoa mguu wake wa kushoto na kuutikisa, na wewe unaelewa.

Kuna ile ya leso. Abiria amekaa upande, leso, dera au buibui inapeperuka karibu na tairi ya nyuma. Anayekufuata anaiona, wewe huioni. Atapiga honi, atakuja sambamba na kuonyesha kwa kidole nyuma yako. Usikasirike ukidhani anataka mashindano. Nguo ikishikwa na spoku au mnyororo, abiria anavutwa chini kabla hujafika breki. Punguza taratibu, simama kando, ainue nguo na kuikalia, kisha mwonyeshe huyo mwenzako kidole gumba.

Anayefungua na kufumba vidole kama mdomo wa bata anakwambia indiketa yako inawaka bado. Kiganja kinachopigapiga hewa kuelekea chini kinakwambia upunguze.

Taa ndizo zenye utata. Anayekuja akikumulikia mara mbili, wengi wetu mawazo yanaenda kwa karao tu. Inaweza kuwa karao, ndiyo. Inaweza pia kuwa ng'ombe kwenye kona, oili imemwagika, lori limeharibika bila pembe tatu, au anakwambia tu anakuja na usijaribu kupita mwingine. Huna muda wa kutafsiri. Punguza kwanza, maana utajua baada ya kona. Na kama jambo linalokutia hofu ni polisi, basi vaa helmeti na reflekta, wewe na abiria wako, kama Sheria ya Trafiki inavyosema, halafu hizo taa zitakuwa habari ya ng'ombe peke yake.

Ukimkuta amesimama

Hapa ndipo ile salamu ya kichwa inapimwa. Mwenzako yuko kando, kiti kimefunguliwa, anaangalia injini kama aliyepoteza kitu humo. Adabu ni kupunguza mwendo na kuuliza, hata bila kusimama kabisa: "Ni nini mkuu?" Akiinua kidole gumba, endelea. Akisema mafuta, plagi, au tairi, simama mbele yake, nje ya lami kabisa, indiketa ikiwaka. Watu wengi wanakumbuka siku waliyotolewa nusu lita kwa chupa ya soda na mtu ambaye hawakujua hata anatoka wapi. Kama ni ajali, weka mtu wa kuonya magari kwanza, piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199, na usimvue helmeti mtu ambaye anapumua. Unaweza kumharibu shingo.

Na hapa pia ndipo pesa inaingia. Anasema: "Buda, nitumie soo mbili ya mafuta, nitakurudishia jioni."

Kama mko wawili pale, na tangi umeona ni kavu, saidia ukiweza. Njia nzuri ni kulipa mafuta yenyewe. Twende naye kituoni, au ukimwacha aende na chupa, lipa moja kwa moja kwa till ya kituo. Mafuta yanaingia kwa tangi na huhitaji kuuliza maswali. Ukimtumia yeye, soma jina linalokuja kwa simu kabla ya kuweka nambari ya siri, halafu muulize anaitwa nani. Hiyo si dharau. Ukimuuliza vizuri, "Mkuu, niambie jina nisitume kwa mwingine," hakuna mtu wa nduthi atakasirika. Anajua nambari moja ikipotea hapo, pesa inaenda kwa mtu Kitale huko asiyejua mambo yenu.

Shida ni pale ombi linakuja bila mtu. Simu inalia, nambari huijui: "Mkuu ni mimi wa steji, yule tunapitana kila asubuhi. Nimeangushwa na gari, niko hospitali, wanataka pesa kidogo waanze kunishona." Huyu amesoma mila yetu. Anajua unasalimia watu hamsini kwa siku bila kujua majina yao, na anajua moyo wako hautaki kuwa yule aliyekataa. Anataka utume kabla hujafikiria.

Salamu ya barabarani ilikuwa ni kwa uso, kofia na rangi ya pikipiki. Haikukupa jina wala nambari. Kwa hivyo mpigie mwenyekiti wa steji, au yeyote mnayeegesha naye, kwa nambari uliyonayo wewe mwenyewe, si ile utakayopewa na mpigaji. Muulize pikipiki ya huyo mtu ni gani na iko wapi sasa. Mtu ambaye kweli ameanguka, habari zake hufika stejini kabla simu yake haijafika kwako, hilo kila mtu wa boda atakwambia. Na kama mpigaji anaanza kukuelekeza ubonyeze hiki na kile, au anataka nambari yako ya siri ili "arudishe" kitu, kata simu. Sisi hatutakuuliza nambari ya siri, na mwenzako wa barabarani hana kazi nayo.

Mchango

Ajali ikiwa ya kweli, steji zinajua kuchanga. Na mtu akifariki, utasikia msafara kabla ya kuuona, honi kutoka mbele hadi nyuma, matawi yamefungwa kwa usukani. Ukikutana na msafara wa mazishi ukiwa na pikipiki, unapunguza, unatoka kando, unasimama mpaka wa mwisho apite. Wengine hupiga honi mara moja kuitikia. Wengine hushusha tu kichwa. Vyote ni sawa. Kinachokera ni kupenya katikati yao kwa sababu una mteja ana haraka, au ni wale wanaosimama juu ya viti kwenye msafara wenyewe na kuleta mazishi mengine.

Katika huo mchango, pesa ikiingia kwa simu ya mtu mmoja inaleta maneno hata kama huyo mtu ni malaika. Familia inasema ilipata kidogo, steji inasema ilitoa nyingi, na mweka hazina anashindwa hata kuegesha. Ni afadhali kikundi kiwe na akaunti yenye jina la kikundi na watu zaidi ya mmoja wa kuidhinisha pesa ikitoka. Kama hamna bado, basi angalau mweka hazina asome orodha stejini kila jioni: nani, ngapi, saa ngapi. Ujumbe uko kwa simu, hakuna haja ya kukumbuka kwa kichwa.

Na wewe uliye nyuma

Abiria huingia katika hizi salamu bila kujua. Dereva akisimama kumuuliza mwenzake kuna nini, usimpigie kelele kwamba umechelewa. Dakika mbili zitapita. Akitikisa kichwa, hajakupuuza. Akinyamaza wakati wewe unaongea, kuna helmeti na upepo, na ni vizuri asigeuke.

Jambo moja tafadhali: usimlipe akiwa anaendesha. Wapo wanaotuma nauli wakiwa bado njiani ili wakifika waruke waende. Simu ya dereva inalia mfukoni au kwenye kile kishikio cha usukani, macho yanashuka kusoma kama ni mia au mia na hamsini, na ile sekunde ndiyo matatu inasimama ghafla mbele yenu. Dereva, nawe zoea kutosoma. Pesa haitatoroka kwa simu.

Mkifika, shuka, rudisha helmeti, tuma, na usiondoke bado. Usimwonyeshe tu skrini yako, maana ujumbe unaweza kutengenezwa na yeye ameshalizwa mara nyingi na watu wa skrini. Ngoja simu yake ilie. Mtandao ukiwa mzito, ngojeni pamoja, muulize barabara imekuwaje leo, wanachoma wapi mahindi mazuri hapo karibu. Utamuuliza, "Imeingia?" Ataangalia, atasema, "Imeingia mkuu," na kabla hujafika langoni utasikia pi-pi. Hiyo ni ya mwenzake aliyekuwa akipita.